Kidole Kimoja kwa Kila Mshono

Jumatatu, 4 Septemba 1944

Subhanallah! Leo nimempima mtu mpaka futi ya kupimia ikaisha. Futi iliisha, mtu akaendelea.

Nilikuwa kwenye baraza, nimeinamia kanzu za Idi, mara giza likaingia. Nikadhani ni wingu, na mwezi huu hakuna mawingu Tabora. Nikainua macho nikaona kifungo cha shati. Nikazidi kuinua, kifungo kingine. Safari ikawa ndefu. Mwisho nikafika usoni, na uso wenyewe mpole! Nikajikuta nimesimama, natoa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto mchanga.

Ni Mzee Masele, mfugaji wa Puge. Ameleta ng'ombe kwa miguu hadi stesheni, wapelekwe kulisha askari wa vita. Ng'ombe wamekwenda, yeye amebaki mtaa wa Chemchem kwa dada yake Eustadia. Binti yake Apolinaria anafunga ndoa kanisani Jumamosi ya tarehe 16, na baba anataka koti.

Kifua nilikipima kwa futi, ikaishia chini ya kwapa la pili. Tumbo ndiyo kabisa! Nikatafuta kamba ya katani, nikamzunguka. Sisemi nilimzungushia kamba: nilizunguka mimi, kwa miguu yangu. Nikafunga fundo mahali kamba ilipokutana. Wapita njia wakasimama kutazama. Yahaya akacheka mpaka cherehani yake ikasimama. (Yahaya ni fundi mwenzangu. Tunagawana baraza, kingine hatugawani.)

Mimi sikucheka. Miaka kumi na minne nakata nguo za watu, leo ndiyo nimeona kazi ya Fundi mwenyewe. Mola alipomkata huyu hakupunja kitambaa.

Na kitambaa alichokileta! Sufu ya buluu, nzito, laini. Siku hizi hata kaniki unaipata kwa kibali, sembuse sufu. Katuma mwanawe Tobias, askari huko Burma, kwa mkono wa mwenzake aliyerudi likizo. Mzee akanipa barua niisome, maana yeye hasomi. Tobias anamwambia baba yake ashone koti, alivae siku ya arusi ya dada, na wote watakaoliona wajue kaka naye yupo. Mzee akaiweka sufu juu ya meza yangu kwa mikono miwili. Akasema yeye hajui mambo ya kukata, ananiachia mimi yote.

Ananiachia mimi yote. Kauli tamu sana hiyo.


Jumanne, 5 Septemba

Nimekata. Mkasi ulikwenda wenyewe.

Niandike ukweli, hili ni daftari langu na Yahaya hasomi mwandiko wangu. Marehemu mwalimu wangu aliniachia urithi mmoja: kidole cha fundi. Kila nguo unayoikata, punguza upana wa kidole. Mteja hatajua, nguo haitasema. Ukivibananisha vipande vizuri, mwishoni kinabaki kitambaa kizima pembeni, halali ya fundi. Mimi kwa kidole hicho nimepata mito miwili, pazia na mfuko wa msahafu.

Safari hii nataka kizibao cha kuvaa juu ya kanzu. Bi Maua, mjane wa mtaani kwetu, ana binti anaitwa Swaumu. Mwaka wa pili namtaka Swaumu, na mwaka wa pili Bi Maua ananitazama kana kwamba nimekuja kuazima chekeche. Kasema mbele za watu kwamba mwanamume anayekuja kuposa bila kizibao, hata kuingia ndani asiingie, aseme shida yake mlangoni. Basi! Siku ya Idi nitakwenda na kizibao cha sufu ya buluu, cha nakshi ya hariri. Atanikaribisha mpaka jikoni.

Kipande kilichobaki ni kikubwa kuliko nilivyotarajia. Ajabu ya Mungu! Nikiweka bitana mgongoni, sehemu ya mbele inatosha yote. Nimeshaikata. Nimeshaanza nakshi.


Ijumaa, 8 Septemba

Balaa!

Mzee Masele kaja kujaribu koti baada ya sala ya Ijumaa. Mikono ikaingia. Mabega yakaingia. Nikasema alhamdulillahi mapema mno. Kuja kufunga vifungo, kifungo kiko Tabora, tundu liko Ujiji.

Nikamwomba avute pumzi. Akavuta, akazidi kupanuka, nyuzi za bandi zikalia. Nikamwomba aitoe haraka. Akaitoa, na vipande vya karatasi mezani kwangu vikaruka hadi kwa Yahaya. Bado. Nikaweka vidole katikati ya kifungo na tundu, nikahesabu. Vinane.

Mimi nilipunguza kidole kimoja! Nikageukia ukuta nikafikiri. Koti lina mishono minne ya kiwiliwili. Kila mshono una pande mbili. Siku ile saumu ilinipanda kichwani, nikapunguza kidole kila upande. La haula! Na marehemu naye hakunifafanulia kama kidole ni cha nguo nzima au cha kila upande. Nimemlaumu, kisha nikamwombea rehema.

Ndipo ulimi ukanitangulia. Nikamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba Mzee amenenepa tangu Jumatatu.

Yahaya akakohoa.

Mzee Masele akainama akalitazama tumbo lake, muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndama mgonjwa. Akasema inawezekana. Tangu afike, Eustadia anampa ugali na mlenda wa karanga, na maziwa juu, na yeye hajui kumkatalia dada yake. Kisha akaniomba radhi. Mimi! Akasema nimemfanyia kazi nzuri naye ameiharibu kwa ulafi wake, nimwie radhi.

Mtu mkubwa kama ghala, anamwomba radhi mwizi mwenye kiuno kama sindano. Sijapata kuona.

Nikamwambia si neno, nimemsamehe.


Jumamosi, 9 Septemba

Nimefikiri. Njia ni mbili tu. Ama nifumue kizibao nirudishe kitambaa, ama Mzee Masele apungue.

Kizibao nakshi imeshafika kifuani, na ua la kwanza limetoka zuri mno. Basi Mzee apungue.

Na Mungu ananipenda: ni Ramadhani! Mji mzima unapungua. Nikamwendea Chemchem asubuhi, nikamweleza kwamba akifunga pamoja nasi hadi siku ya arusi, koti litamkaa. Nilitegemea ubishi, yeye Mkatoliki. Hakubisha. Akasema nao wana Kwaresima yao, njaa si mgeni kwake. Akauliza apungue kiasi gani. Nikasema vidole vinane. Akavitazama vidole vyake, akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeonyeshwa matuta manane ya kulima kabla ya jua kali.

Akaanza papo hapo. Eustadia alikuwa ameshika bakuli la maziwa mlangoni. Mzee akamwambia amwekee Tobias, na mimi nikajifanya sijasikia.


Jumatatu, 11 Septemba

Jamani, mtu huyu anafunga! Tone la maji halipiti. Anakaa kwenye baraza tangu asubuhi, mikono magotini, hanung'uniki, hatemi mate ovyo kama Yahaya. Wateja wanakuja kumtazama, wakiondoka wanapunguza sauti. Nimefunga Ramadhani ishirini na kitu, sijawahi kufunga namna hii.

Ila nilisahau kwamba saumu ina jioni.

Wanaume wa mtaani tunafuturu kwenye jamvi la Bi Maua. Mimi huenda ili Swaumu anione nikiwa mcha Mungu. Nikampeleka Mzee Masele huko, nisimwache mikononi mwa Eustadia. Adhana ikalia. Akasubiri wazee wote waonje kwanza. Kisha akaanza.

Hakuwa na papara. Alikula kama mvua ya masika inavyonyesha, bila kelele, bila dalili ya kuacha. Uji wa pilipili manga, bakuli tatu. Sahani ya mihogo ikapita mbele yake ikawa sahani. Maharage, vivyo hivyo. Tende alikula moja tu, akasema ni tamu mno, watoto waachiwe. Mzee mmoja alishika tonge mpaka likapoa. Na Bi Maua, ambaye kila siku analalamika kwamba tunadonoadonoa kama kuku wagonjwa, alisimama mlangoni akijifuta machozi kwa upande wa kanga. Akamwita Swaumu alete chungu cha pili.

Hicho chungu cha pili mimi sijawahi kukiona. Miaka miwili!

Nilimtazama mpaka nikasahau kula.

Leo nimemzungushia kamba. Tumbo limepita fundo kwa vidole viwili. Sasa vinatakiwa kumi.


Jumanne, 12 Septemba

Nimekuja na hila nyingine: mwendo. Mtu akitembea jua kali, hana budi kuyeyuka. Nikamwambia twende Kwihara kwa njia ya zamani ya misafara na kurudi, kila siku, mpaka Jumamosi. Akasema vizuri, miguu yake imeanza kuchoka kukaa.

Tukaondoka jua likichomoza. Kwenda hakukuwa na taabu. Alinionyesha njia kana kwamba mimi ndiye mgeni hapa. Akasimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo mara saba, na kila safari akifika hapa Tabora huitua, huomba maji, hucheka, kisha hulala siku tatu. Mara saba! Nikaitazama njia ile, vumbi tupu na majani makavu, nikaona aibu kwa viatu vyangu.

Kurudi ndiko sikukufikiria. Jua likasimama utosini. Ulimi ukanata. Mzee akaniambia msafiri anaruhusiwa kunywa, hata yeye analijua hilo, na kibuyu anacho. Nikakataa. Bi Maua angepata habari kabla sijameza. Nikatembea hatua kama mia hivi kwa kiburi, kisha nchi ikageuka.

Nilipozinduka nilikuwa juu. Juu sana! Kanibeba begani, kama babu yake alivyobeba pembe, na anatembea mwendo uleule wa asubuhi. Nikaiona Tabora kutoka huko: mabati yanang'aa, moshi wa treni, mnara wa kanisa upande mmoja na msikiti upande mwingine, na watu wadogo chini. Sijapata kuuona mji wangu hivyo. Nilisahau kiu. Nilitaka Chemchem iwe mbali zaidi.

Lakini ikafika, na Chemchem yote imeniona nimening'inia. Eustadia kauliza nimekufa saa ngapi.

Nimepima tena. Mzee: hajapungua hata uzi.


Alhamisi, 14 Septemba

Asubuhi suruali yangu imeanguka mbele ya mteja. Nimeifunga kwa kipande cha kamba ya Mzee Masele. Yahaya kajitolea kunipunguzia kiuno, akasema ataniachia kitambaa chote kitakachobaki, yeye si mtu wa kuchukua. Kwa nini aseme vile?

Saa tisa Mzee Masele kaja na karatasi na stempu. Anataka nimwandikie barua Tobias, ipate treni ya kesho. Nikachovya kalamu nikiwa na furaha, maana mwandiko wangu ni mzuri na Swaumu alikuwa anapita.

Akaanza kusema, mimi naandika. Mwanangu Tobias, sisi hatujambo, ng'ombe walifika salama. Kitambaa chako kimefika. Kilikuwa kingi na kizuri, na fundi amekata vizuri, fundi hana kosa. Kosa ni la baba yako. Nimekula mpaka zawadi yako hainienei. Nimefunga na Waislamu, nimetembea mpaka Kwihara, mwili umekataa. Usihuzunike. Nitaingia kanisani na shati langu, na koti nitalibeba mikononi mbele ya watu wote, kama nilivyokubeba siku ya ubatizo wako. Wakiniuliza nimebeba nini, nitasema nimembeba Tobias.

Kalamu ikasimama.

Nikamwambia wino umekauka. Wino ulikuwa umejaa mpaka shingoni mwa chupa. Yeye akasubiri kwa upole, mikono magotini, akaniambia nisiharakishe, mwandiko wangu unapendeza kuutazama hata kwa asiyejua kusoma.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia, hapa barazani mchana kweupe, mbele ya Yahaya. Sikuwa naona uchungu peke yake. Niliogopa, kama mtu anavyoogopa akisimama kando ya kitu kikubwa mno. Nilidhani nimeshaupima ukubwa wa huyu mzee, kumbe nilipima tumbo tu.

Barua nimemwomba aniachie, nimemwambia nitaipeleka posta mwenyewe. Sijaipeleka.


Ijumaa, 15 Septemba

Nimefumua kizibao.

Ua la kwanza lilitoka kwa urahisi. La pili lilikuwa gumu, nilikuwa nimelishona vizuri. Nimekata vipande viwili virefu, upana vidole vitano kila kimoja, nikavitia mbavuni, chini ya kwapa, kushoto na kulia. Vinane vyangu, na viwili vya Bi Maua. Nimepiga pasi mara nne mpaka nyuzi zikalala.

Yahaya alikuja kusimama nyuma yangu. Nikangoja anicheke. Akachukua sindano, akashona upande wa kulia kimya kimya ili niwahi futari. Sikujua Yahaya ana mshono mzuri namna ile. Inaudhi kidogo.

Barua nimeichana. Naapa hapa kwa wino: sichukui kidole cha mtu tena maisha yangu.


Jumamosi, 16 Septemba

Nimefika Chemchem mapema na koti mkononi. Apolinaria alikuwa ameshavaa gauni jeupe, wanawake wanapiga vigelegele uani. Mzee Masele alikuwa amesimama chumbani na shati lake, ameshakunja mikono tayari kupokea koti na kulibeba.

Nikamwambia alivae. Akasema nisimtie aibu, fundi, siku ya leo. Nikamwambia alivae tu, Mzee wangu, nakuomba.

Mkono ukaingia. Mkono wa pili. Kifungo kikaenda kwenye tundu lake bila kusukumwa. Chumba kikajaa buluu. Eustadia kaziba mdomo. Nimeshona makoti ya makarani, ya maakida, hata ya mzungu mmoja wa reli. Yote yale yalikuwa nguo. Hili lilikuwa jambo jingine, sina jina lake.

Kisha akainua mkono wa kushoto. Kidole chake kikapita polepole chini ya kwapa, kikaukuta mshono mpya, kikaufuata mpaka mwisho. Akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilijiona nimekwisha.

Akasema kwao Puge, ng'ombe aliyepotea akirudi zizini, mwenye akili huhesabu tu, haulizi alilala wapi. Akavigusa vifungo vyake, kimoja, cha pili, cha tatu. Akasema wote wamo.

Kumbe alijua! Tangu lini, sijui. Nimekaa nafikiri labda tangu siku ile aliponiomba radhi. Alifunga anajua? Alinibeba anajua? Nikifika hapo kichwa kinazunguka, naacha.

Nje akawatangazia watu wote kwamba fundi huyu amempunguza kwa saumu, siku saba tu, wamtazame. Watu wakanitazama mimi. Alipoingia kanisani nilisimama mlangoni, nikaona anashika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemshika mwanawe begani. Akatembea hivyo mpaka mbele.


Jumanne, 19 Septemba. Idi

Idi mubarak! Nimesali na kanzu ya mwaka juzi. Sina kizibao. Sikukusudia kwenda kwa Bi Maua, miguu ikanipeleka.

Nimesimama mlangoni kama aliyekuja kuazima chekeche. Bi Maua akanitazama juu na chini, akasema nimekonda vibaya, niingie nile. Niingie! Akaniambia Mzee Masele alipita jana kuaga kabla ya kushika njia ya Puge, akakaa naye, akamwambia katika Tabora yote kuna fundi mmoja anayemrudishia mtu zaidi ya alicholeta. Bi Maua akasema mtu mwenye tumbo lile hawezi kuwa mwongo. Nije na mjomba wangu Ijumaa ya tarehe 29 kuzungumza habari za Swaumu. Lakini nije nimevaa kama mtu, kizibao juu.

Chungu cha pili kikaletwa. Nimekila chote. Swaumu kacheka nyuma ya pazia.

Nikarudi nyumbani nikihofia kizibao nitakipata wapi. Yahaya ananingoja na furushi. Mzee Masele kaacha kwake, kasema nipewe siku ya Idi. Sufu nyeusi, yadi nzima, sehemu ya zawadi alizoletewa na upande wa mkwe. Hakuacha salamu yoyote, ila kamwambia Yahaya asikipunguze njiani.

Nimekiweka mezani kwa mikono miwili. Nimekaa mbele yake mpaka jua limezama.


Alhamisi, 21 Septemba

Nimekata kizibao changu. Mkasi ulikwenda wenyewe. Kitambaa kitamu, fikra zangu kwa Swaumu, nikaimba kidogo.

Mchana nimejaribu. Hakifungi. Kifungo kiko Tabora, tundu liko karibu na Usinge, njiani kwenda Ujiji. Vidole vinne.

Nimekaa, nimehesabu. Mishono miwili ya mbavu, kila mshono pande mbili. Kidole kimoja kila upande.

Yahaya kalala chini barazani, anapiga sakafu kwa kiganja, hawezi kupumua. Acheke. Kiapo sijakivunja hata kidogo. Niliapa sitachukua kidole cha mtu, na kitambaa hiki ni changu mwenyewe, basi hapa nani ameibiwa? Na isitoshe, nilikipima nikiwa nimekonda kwa Ramadhani, kisha nikapewa chungu cha pili. Kosa ni la chungu.

Dawa yenyewe ninayo. Mwezi huu wa Mfungo Mosi kuna zile siku sita za sunna. Naanza kesho Ijumaa, namaliza Jumatano, na mwendo wa Kwihara kila asubuhi juu yake. Vidole vinne ni nini? Tarehe 29 kizibao kitanikaa kama ngozi.

Tena nimepata faida. Pembeni kimebaki kipande kizima cha sufu nyeusi, bure kabisa, na ukikitazama vizuri kinatosha kofia. Nimeshajipima kichwa. Kesho nitaikata, ila kwa uangalifu, nibakize kidogo.